Benchi la Watu Watatu

"Mwalimu, hapa mimi nafanya nini?"

Aliyeuliza ni kijana aliyekuwa akicheza Nicholas Skeres. Ilikuwa wiki ya tatu ya mazoezi, usiku umeingia, watu wamechoka. Alikuwa amebanwa kwenye benchi upande wa kushoto, na pembeni yake wenzake wawili wanagombania jambia la mbao, viwiko vinapita karibu na sikio lake. Nikafungua muswada, nikapekua, nikaufunga. Maelezo ya kifo kile nilikuwa nimeyasoma hadi nayaota, lakini jibu la swali lake sikuwa nalo. Nikasema tupumzike kidogo. Watu wakaenda kunywa maji, mimi nikabaki mbele ya ile meza na aibu yangu. Mwandishi ni mimi, mwongozaji ni mimi, na katika miaka miwili ya kuhangaika na kisa kile sikuwahi kujiuliza jambo rahisi namna ile.

Kisa chenyewe ni kifo cha Christopher Marlowe, mwandishi wa tamthilia aliyeuawa Deptford, kando ya mto Thames, nje kidogo ya London ya wakati huo, tarehe 30 Mei 1593. Alikuwa na miaka 29. Mtoto wa fundi viatu wa Canterbury, akasomeshwa Cambridge, akaja London na kuandika michezo iliyojaza kumbi wakati jina la Shakespeare bado linatafuta pa kushika. Kwa mtu anayetaka kuandika mchezo wa fumbo la mauaji, humo kila kitu kimo: mwandishi anayevuma, mashushushu, ugomvi wa dini, Malkia Elizabeth, tauni, na chumba kimoja kilichoingia watu wanne mmoja akatoka amebebwa. Nikaona nimeokota embe dodo chini ya mnazi. Kumbe nilikuwa nimeokota kazi.

Kosa langu kubwa lilikuja mapema. Rasimu ya kwanza niliijenga juu ya kitabu chakavu nilichoazimwa na rafiki, kitabu cha zamani sana, ambacho kilisema bila wasiwasi wowote kwamba muuaji aliitwa Francis Archer. Basi, nikamng'ang'ania huyo Archer. Nikampa umri, nikampa mke, madeni na wivu. Kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza ni mpiga upinde, nikamtungia onyesho zima la kulenga shabaha, Marlowe amesimama kando anamkejeli kila mshale unapokwenda upande. Nililipenda lile onyesho. Nililisoma kwa sauti peke yangu, nikajicheka kwa raha. Miezi minne nilimlea Archer, ndipo nikaja kusoma mahali pengine kwamba hakuwahi kuwepo.

Ilikuwa hivi. Daftari la mazishi la kanisa la Mtakatifu Nicholas, Deptford, lina mstari mmoja tu juu ya Marlowe, na humo karani ameandika jina la aliyemuua: Francis Frezer. Mwandiko wa wakati ule una tabia zake. Herufi F kubwa iliandikwa kama f mbili ndogo zimesimama pamoja. Baadaye sana mtu akausoma mstari ule vibaya, Frezer akageuka Archer. Likachapishwa, likanakiliwa, na kila aliyenakili alimwamini aliyemtangulia. Mwaka 1925 mtafiti mmoja, Leslie Hotson, akiwa anapekua nyaraka za serikali ya Uingereza kwa shughuli nyingine kabisa, akakutana na jina Ingram Frizer. Likamgonga. Akafuata uzi huo mpaka akaibuka na msamaha wa Malkia pamoja na taarifa kamili ya uchunguzi wa kifo, imeandikwa kwa Kilatini, iko salama miaka yote hiyo. Kwa hiyo hata "Francis" ya kwenye daftari la kanisa ilikuwa makosa. Mtu aliitwa Ingram.

Lililoniuma zaidi ni hili: William Vaughan alikuwa ameshachapisha mwaka 1600, miaka 7 tu baada ya tukio, kwamba ilikuwa Deptford na kwamba aliyeua aliitwa Ingram. Jina la kweli lilikuwa hadharani. Ila watu walipenda zaidi habari zilizotiwa chumvi. Thomas Beard mwaka 1597 aliandika kwamba Marlowe alijichoma kichwani kwa jambia lake mwenyewe katika mitaa ya London, mkono wa Mungu ukimwadhibu mkana Mungu. Mwaka uliofuata Francis Meres akasema alichomwa na mtumishi waliyekuwa wakigombea mapenzi. Kila mmoja alitaka kifo kinachofanana na mahubiri yake. Na mimi, zaidi ya miaka mia nne baadaye, nikataka kifo kinachofanana na onyesho langu la mishale.

Onyesho nikalitupa. Nikiri kwamba sikulitupa siku hiyo. Kwanza nilijaribu kuliokoa kwa kumpa upinde Robert Poley, mmoja wa wale wanne, hadi mwenzangu mmoja aliposoma kurasa zile akaniuliza, "Sasa huyu shushushu na upinde wapi na wapi?"

Rasimu ya pili nayo ikaanguka, safari hii kwa sababu ya tauni. Nilikuwa nimefungua mchezo kwa shamrashamra: ukumbi wa Rose, ule uliojengwa na Philip Henslowe mwaka 1587 kusini mwa Thames, umefurika, Edward Alleyn jukwaani ananguruma mistari ya Marlowe, yeye mwandishi amejificha nyuma ya nguzo anahesabu makofi. Mei 1593. Tatizo ni kwamba Mei 1593 kumbi zilikuwa zimefungwa. Tauni ilishaingia, wakubwa wa jiji na Baraza la Malkia walipiga marufuku michezo tangu katikati ya 1592, zikafunguliwa kwa wiki chache tu za majira ya baridi, kisha zikafungwa tena. Mwaka huo tauni iliua zaidi ya watu 10,000 London. Vikundi vikapakia maleba kwenye mikokoteni na kwenda kuigiza mikoani.

Nilikasirika, halafu nikaona nilikuwa nimenyimwa onyesho la kawaida nikapewa zuri. Tukafungua mchezo kwa ukumbi mtupu. Mtu mmoja anafagia. Nilikuwa nimesoma kwamba misingi ya Rose ilipofukuliwa mwaka 1989 ilionyesha jengo lenye upana wa kama mita 22 tu, na kwamba sakafu ya uwanja ilikuwa imechanganywa na maganda ya kokwa. Basi mfagiaji wetu alifagia maganda. Sauti ile ya maganda kwenye mbao, dakika nzima bila neno, iliwaeleza watazamaji kuhusu njaa ya watu wa sanaa kuliko hotuba niliyokuwa nimemwandikia Alleyn. Ukumbi ukifungwa, mwigizaji hana mshahara, mwandishi hana wa kumuuzia, na mtu asiye na kipato husikiliza kazi ambazo angezikataa akiwa ameshiba. Kabla ya hapo sikuelewa kwa nini mwandishi mwenye jina kubwa kiasi kile anashinda kutwa nzima na watu wa aina ya Poley.

Kuna mtu mwingine niliyemkosea, naye ni Thomas Kyd. Tarehe 5 Mei mwaka huo mtu asiyejulikana alibandika kwenye ukuta wa kanisa la Waholanzi, London, shairi la kuwatisha wageni, akatia sahihi "Tamburlaine", jina la shujaa wa Marlowe. Msako ukaanza. Tarehe 12 Mei wakamkamata Kyd, mwandishi wa tamthilia mwenzake, wakakuta kwenye makaratasi yake maandishi ya kukana uungu wa Kristo. Wakamtesa. Akasema hayo si yangu, ni ya Marlowe, yalichanganyika na yangu tulipokuwa tunaandikia chumba kimoja. Tarehe 20 Mei Marlowe akafikishwa mbele ya Baraza. Hakufungwa, aliamriwa kuripoti kila siku. Siku 10 baadaye akawa maiti.

Mimi nilimwandika Kyd kama Yuda. Nilimpa macho ya pembeni na kicheko kibaya. Mzee aliyechaguliwa kumcheza alisoma sehemu yake mara moja, akavua miwani.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu bwana ameteswa, kweli au si kweli?"

"Kweli, mzee."

"Akatoka, akaandika barua anaomba tajiri wake amrudishe kazini, asirudishwe?"

"Ndiyo."

"Halafu akafa lini?"

"Mwaka uliofuata. Agosti 1594 alizikwa. Mama yake alikataa kusimamia mirathi yake."

Mzee akanyamaza. Kisha akasema kile kicheko hawezi kukicheka, na kama nakitaka sana nitafute mtu mwingine. Nikakifuta palepale. Kyd aliyemcheza hatimaye ni mtu anayezungumza polepole huku amekumbatia vidole vyake, na kila akitaja jina la Marlowe anaangalia mlango. Hilo la vidole halikutoka kwangu. Mzee alikuja nalo kutoka nyumbani.

Sasa turudi kwenye benchi, maana ndiko mchezo wote ulikokaa.

Taarifa ya uchunguzi inasema hivi. Saa nne asubuhi watu wanne walikutana Deptford nyumbani kwa mjane Eleanor Bull: Marlowe, Frizer, Poley na Skeres. Kilabu hakitajwi, ingawa masimulizi mengi huwapeleka kwenye pombe na makelele. Wakala chakula cha mchana, wakakaa kwa utulivu, wakatembea bustanini hadi saa kumi na mbili jioni. Wakaingia ndani, wakala tena. Baada ya kula Marlowe akajilaza kitandani. Frizer alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo wake umeelekea kitanda, uso umeelekea meza, Poley upande mmoja na Skeres upande mwingine, wamembana kiasi kwamba asingeweza kukimbia. Pakazuka maneno juu ya kulipia chakula. Marlowe akachomoa jambia la Frizer lililokuwa mgongoni mwake, akampiga nalo kichwani mara mbili, majeraha yenye urefu wa inchi 2 na kina cha robo inchi. Frizer akapambana alirudishe jambia lake, na katika purukushani akamchoma Marlowe juu ya jicho la kulia, kina inchi 2, upana inchi 1. Akafa papo hapo. Jambia lilikuwa na thamani ya peni 12. Hata hilo wameandika.

Waliosikiliza ni wazee wa baraza 16, chini ya William Danby, ofisa wa nyumba ya kifalme aliyechunguza vifo, kwa kuwa Malkia alikuwa ndani ya maili 12 kutoka pale. Ilikuwa tarehe 1 Juni, na siku hiyohiyo Marlowe akazikwa. Tarehe 28 Juni Frizer alikuwa na msamaha wa Malkia mkononi.

Ukiisoma hiyo taarifa kwenye karatasi, inateleza kama mafuta. Kila kitu kina kipimo. Tulipoipeleka sakafuni ikaanza kukwama.

Tulipiga alama za utepe, tukaweka benchi, meza, na viti vitatu vilivyotandikwa godoro jembamba kuwa kitanda. Kijana aliyekuwa Marlowe akalala. Akanyoosha mkono kuchukua jambia kiunoni mwa Frizer. Halikufikika bila kuinuka nusu, na akiinuka nusu, kitanda kinalia na Frizer anageuka. Tukasogeza kitanda. Likafikika. Akampiga kichwani mara mbili, kisha akasimama katikati ya zoezi akasema, "Lakini kama nataka kumuua, shingo hii hapa. Kwa nini napiga kichwa, tena juujuu?" Hakuna aliyemjibu. Tukaendelea. Frizer sasa ageuke amkamate mkono. Hawezi. Magoti yake yako chini ya meza, bega la kulia limegusana na Poley, la kushoto limegusana na Skeres. Ili ageuke, lazima mmoja wao ampishe. Na ndipo lilipotoka lile swali: mimi nafanya nini?

Tulijaribu kila kitu. Nilimwambia Skeres aruke asimame, kama mtu yeyote angefanya jambia likipita karibu na uso wake. Akaruka. Nafasi ikapatikana, Frizer akageuka, pambano likawa zuri. Ila sasa Frizer hajabanwa tena, njia ya kukimbia iko wazi, na utetezi wake wote ulisimama juu ya neno hilo, kwamba hakuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia amshike Marlowe mkono, kama mwamuzi wa ugomvi. Akamshika. Kila aliyekuwa chumbani akaona kilekile: mtu mmoja anashikwa, mwingine anachoma. Nikamwambia basi, ashangae tu. Mwigizaji ukimwambia ashangae tu, anakuchukia, na ana haki. Jukwaani hakuna mtu asiyefanya kitu. Hata aliyelala anafanya kazi ya kulala. Taarifa ile imewapa Marlowe na Frizer kila tendo hadi kwa inchi, lakini Poley na Skeres, waliokaa umbali wa kiwiko, haikuwapa hata kitenzi kimoja tangu ugomvi ulipoanza. Nilikuwa nimeipita mara zote hizo, nikitafuta muuaji ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa juu kabisa.

"Kaa tu," nikamwambia mwishowe. "Usifanye kitu. Tuone."

Wakaanza tena. Marlowe akachomoa, akapiga. Frizer akajipinda. Poley, bila kuambiwa, akakunja mguu wake kidogo tu, nafasi ya kutosha goti la Frizer kupita. Na Skeres, ambaye alikuwa ameambiwa asifanye kitu, akanyoosha mkono akakisogeza kikombe chake katikati ya meza kisije kikaanguka. Vilikuwa vikombe vya bati tulivyovipaka rangi ya fedha. Kikakwaruza kidogo kwenye mbao. Jambia likashuka.

Mfagiaji wetu, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akisubiri zamu yake, akasema "Ha!" kwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji. Tukarudia mara mbili nyingine. Kisha nikawaambia waende nyumbani, na usiku ule nikafuta kurasa 11.

Kurasa zenyewe zilikuwa za mwisho wa mchezo. Nilikuwa nimeleta bwana mkubwa mmoja wa Barazani, usiku, peke yake, anaungama mbele ya mshumaa kwamba yeye ndiye aliyetoa amri. Ushahidi wa kunishawishi ulikuwepo. Poley alikuwa shushushu mzoefu. Mwaka 1586 alitumika kuwanasa akina Babington waliopanga kumuua Malkia Elizabeth. Hati ya malipo yake ya Juni 1593 inaonyesha alikuwa akisafirisha barua kwenda The Hague, kuanzia tarehe 8 Mei hadi tarehe 8 Juni, na imeandikwa waziwazi kwamba muda wote huo alikuwa katika utumishi wa Malkia. Muda wote huo, ikiwemo siku ile ya bustani na chakula. Skeres naye alikuwa ameguswa na mambo ya Babington. Frizer alikuwa mtu wa Thomas Walsingham, mfadhili wa Marlowe mwenyewe, na baada ya msamaha aliendelea kuwa mtu wa Walsingham kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiweka haya pamoja mkono unawasha kuandika ungamo. Lakini hakuna aliyeungama. Mimi ningekuwa Beard mwingine, nimebadilisha tu mahubiri.

Kikundi kikagawanyika. Waliokuwa upande wa ungamo walikuwa na hoja nzito: "Watu wametoa hela zao, wamekaa saa mbili, wanataka kujua nani kaua." Nikawajibu kwamba tunawaambia nani kaua, tangu mwanzo. Mmoja akapendekeza tutumie ile nadharia kwamba Marlowe hakufa, alitoroshwa akaenda kuandika tamthilia za Shakespeare kwa siri. Hiyo nilikataa hata kuijadili. Watu 16 walitazama kidonda kile na kukipima. Mtu anaweza kuwadanganya watu 16 kuhusu nani alianza, lakini kidonda kilichopimwa hakina ujanja.

Hapa niseme na ulafi wangu. Nilipoanza kutafuta, nilikuta kwamba ulimwengu wa michezo ya kuigiza wa wakati ule ulijaa visu, nikataka kuvitia vyote. Mwaka 1587, mjini Thame, mwigizaji William Knell wa kikundi cha Malkia aliuawa kwa kuchomwa kooni na mwigizaji mwenzake, John Towne, ambaye naye alisamehewa kwa kujitetea; mjane wa Knell akaja kuolewa na John Heminges, yuleyule ambaye mwaka 1623 alishiriki kukusanya tamthilia za Shakespeare kuwa kitabu kimoja. Mwaka 1596 mwigizaji Gabriel Spencer alimuua mtu aliyekuwa ameshika kinara cha mshumaa, kidonda kikiwa karibu na jicho vilevile. Miaka 2 baadaye Spencer mwenyewe akauawa kwa upanga na Ben Jonson, uwanjani Hoxton, na Jonson akaponea kitanzini kwa kuwa alijua kusoma Kilatini, sheria ikamhesabu kama mtu wa kanisa. Akachomwa chapa kwenye kidole gumba, akarudi kuandika. Henslowe, kwa uchungu wa kupoteza mwigizaji, alimwandikia Alleyn kwamba Spencer ameuawa na Benjamin Jonson, fundi wa matofali. Si mwandishi. Fundi wa matofali! Lile tusi nililipenda kiasi kwamba niliandika ukurasa mzima ili lipate pa kukaa. Kwenye mazoezi likachukua dakika nne, na katika dakika nne hizo Marlowe alikuwa amesahaulika. Likaondoka. Yote yakaondoka isipokuwa sentensi moja aliyoisema mfagiaji mwanzoni, kwamba watu wa kazi hii hufa kwa chuma au kwa tauni, na chuma kina haraka. Maktaba nzima ikaishia kwa mfagiaji.

Badala ya ungamo tukafanya hivi: tukatenga viti 16 vya mstari wa mbele. Aliyekaa hapo hakuambiwa kitu mpaka onyesho la mwisho, Danby alipotoka na karatasi, akawageukia, akawasomea taarifa nzima kuanzia saa nne asubuhi hadi peni 12, akiwatazama wao tu. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali, akasubiri. Taa zikazimwa akiwa bado anasubiri.

Usiku wa kwanza tuliharibu. Marlowe alipovuta jambia, ala nayo ikaja, mkanda ukaja, na Frizer nusura avuliwe suruali. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Marlowe akafa watu wanafuta machozi ya kucheka, na kikombe hakuna aliyekiona. Danby alipouliza kama kuna swali, mtu wa kiti cha tano akauliza mkanda ni wa nani. Asubuhi yake tukaisugua ala kwa nta ya mshumaa mpaka jambia likawa linatoka kwa vidole viwili.

Usiku wa pili kikombe kilisikika. Wa tatu kilisikika zaidi, kwa sababu kijana sasa alikuwa amejua thamani yake na ilibidi nimwambie apunguze. Alikuwa anakisogeza kama mtu anayesogeza kiti cha enzi.

Usiku huo wa tatu, watu wanatawanyika na sisi tunafungua utepe sakafuni, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kwenye viti vya mbele akapanda jukwaani taratibu, ameshika reli. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa kijana wa Skeres, aliyekuwa anakusanya vikombe kwenye kapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekaa huku?"

"Ndiyo, mama."

"Kile kikombe. Ulijua kwamba anauawa?"

Kijana akanitupia jicho. Nikainama nikaendelea kubandua utepe.

"Kingemwagika, mama," akasema.

Mama hakucheka. Alimtazama, akaitazama benchi iliyokuwa inabebwa kupelekwa nje, akashuka kwenda kuchukua mkoba wake kwenye kiti cha mstari wa mbele, akaondoka bila kumpa mkono.